Shangazi Kwenye Mstari wa Wageni

Meli ya Tanga ikishusha abiria bandarini Mkoani, Pemba, watu hugawika njia mbili. Wenyeji hupita kulia, wakiburura magunia na ndoo na magodoro, wakipigishana kelele na wachukuzi. Wageni husimama kushoto, kimya, mbele ya kidirisha cha afisa wa uhamiaji, kila mmoja na paspoti yake mkononi. Siku aliyokuja shangazi yangu, mstari wa wageni ulikuwa na Wazungu watatu wenye mabegi makubwa mgongoni, na nyuma yao mwanamke mmoja wa makamo, kajifunga mtandio wa kijani, kabeba kapu la ukili.

Sura yake ilikuwa sura ya baba yangu, imevishwa buibui. Nilimjua hapo hapo, ingawa maisha yangu yote nilikuwa nimemwona kwenye simu tu.

"Shangazi!" nilimwita. "Njoo huku! Huko wanapita wageni!"

Alinigeukia, akacheka kwa meno yote. "Naona, mwanangu. Nisubiri papo hapo. Mstari wangu ni huno."

"Bi kapotea huyo," mchukuzi mmoja aliniambia. "Mvute, dada, asije akapelekwa hoteli pamoja na Wazungu."

Nilisogea mpaka kwenye kamba iliyotenga njia mbili zile. Wazungu walipita. Shangazi akafika kidirishani, akaweka kapu chini, akamsalimu yule afisa kama anavyosalimiwa mtoto wa jirani: hujambo, mwanangu, umeshindaje, mama hajambo? Kilikuwa Kipemba cha kijijini kwetu Wingwi, kizito, cha zamani, ambacho hata sisi tuliosomea mjini Chake tumeshakipunguza makali. Afisa aliweka kalamu chini.

"Bi, hapa ni wageni. Wenyeji wanapita kule."

"Mie mgeni, baba. Soma."

Alisoma. Akamtazama. Akasoma tena. "Hii yako?"

"Kwani hiyo picha ya nani?"

"Picha yako. Lakini, Bi, kwenu hasa ni wapi?"

"Wingwi."

"Wingwi ya Kenya iko upande gani?"

"Wingwi ni moja tu, mwanangu. Usintanie."

Yule kijana alicheka mpaka akajifuta macho. Akamwambia muhuri ulikwishapigwa mpakani, hakuna tena haja, apite kwa amani. Shangazi hakupita. Alikishika kidirisha kwa mikono miwili.

"Nipigie na weye. Kwa hisani yako. Nataka muhuri wa kwetu uwemo mwangu."

Afisa akaupiga. Shangazi akaipokea paspoti, akaupulizia ule wino taratibu, kama mama anavyopuliza kidonda cha mtoto.

Mimi nilisimama kwenye kamba. Nilihisi kama mtu aliyemkuta mama yake mzazi yuko nje ya nyumba yake mwenyewe, anabisha hodi, na anafurahia kubisha.

Ni dada yake baba, mtoto wa kike pekee wa Bibi. Aliolewa angali kijana na mvuvi wa Shumba ambaye kila mwaka alikwenda dago, kambi ya wavuvi, kwenye pwani ya Kenya. Mwaka mmoja akamchukua na mkewe. Dago likawa nyumba, nyumba ikajaa watoto, na wale watoto hawakuwa wa nchi yoyote. Kule hawakuandikwa kwa kuwa wazee wao ni Wapemba. Huku hawakuandikwa kwa kuwa hawakuzaliwa huku. Babu alipofariki, shangazi hakuja kuzika. Aliogopa kwamba akivuka hatapata njia ya kurudi kwa wanawe. Halafu serikali ya kule ikawatambua Wapemba wa pwani yake kuwa ni watu wake, ikawapa vitambulisho, na mwenye kutaka paspoti akaomba paspoti.

Alikuwa anakuja kwa jambo moja, na alikuwa amenieleza kwenye simu kabla hajapanda basi: kuchukua radhi za mama yake. Baba yake alikufa bila ya yeye kuzipata, na jambo hilo lilimwia mwiba. Bibi naye sasa husali amekaa, na akinyanyuka hushikilia ukuta. "Safari hino, mwanangu," aliniambia, "ama nirudi nazo, ama nisirudi na kitu."

Baba yuko Unguja kikazi, kwa hiyo nilitumwa mimi kumpokea. Gari ya kukodi ilitupitisha Chake, ikatupitisha Wete, ikaingia barabara mbovu ya kaskazini, na njia nzima shangazi alisema. Alisema na dereva, alisema na mbuzi waliozuia njia, aliniuliza habari za watu ambao wengine wamekufa kabla sijazaliwa. Bibi hutusimulia kwamba binti yake alikuwa na ulimi kuliko wasichana wote wa Wingwi. Kwenye mchezo wa ng'ombe, fahali akishafungwa kamba na wanaume wakamchezea kwa vitambaa, wanawake huimba kuwakejeli walio waoga. Na mkejeli mkuu, enzi hizo, alikuwa yeye. Kuna mtu mzima, Bibi husema, alihama kijiji kwa ubeti mmoja.

Nilijibu maswali yake kwa adabu, lakini nilikuwa na donge. Mimi naandika. Tuko vijana wachache tunaokutana Chake kusomeana kazi zetu, na linapozuka suala la uzalendo sauti ya juu kabisa huwa ni yangu. Nimeandika riwaya ambayo ndani yake kisiwa hiki ni mwanamke aliyekaa akisubiri wanawe warudi. Niliiandika usiku na mchana, nikailia mwenyewe. Na sasa mmoja wa wana amerudi, kakaa pembeni yangu na kapu la ukili, na kitu alichobana kifuani kwa furaha ni waraka unaosema kwamba yeye si wetu.

Nilitaka kumwomba asimwonyeshe Bibi. Sikupata pa kuanzia.

Bibi alikuwa amefukiza udi tangu asubuhi. Walikumbatiana. Bibi alimpapasa uso, masikio, mabega, kama anayehakiki kitu alichokuwa amekiazimisha. Majirani walijaa ukumbini. Kulikuwa na pweza wa nazi na mkate wa kumimina, na watoto walifukuzwa na kurudi, wakafukuzwa na kurudi. Tulipomaliza kula tulikaa uani, kando ya jamvi la karafuu zilizoanikwa. Hapo shangazi akatia mkono kifuani, akatoa kitambaa, akakifungua pindo kwa pindo.

"Mama," alisema, "nimekuletea."

Akaiweka paspoti juu ya mapaja ya Bibi.

Jirani mmoja alipiga kigelegele. Alidhani ni dhahabu. Alipoinama na kuona ni kitu gani, kigelegele kilimkatikia kooni, akamalizia kwa kukohoa.

"Nini hichi?" Bibi aliuliza. Hajui kusoma maandishi yetu. Anasoma Qur'ani tu.

"Paspoti, Mama. Mie ni mtu sasa. Mie raia."

"Raia wa wapi?"

"Wa Kenya."

Nilisikia kuku akiparura chini ya ghala.

Jirani wa kigelegele, mwanamke mcheshi ambaye hawezi kuuvumilia ukimya, alijaribu kutuokoa. "Lo, Bi Mkenya! Basi na wimbo wao wa taifa unaujua?"

Alikuwa anatania. Shangazi hakuupokea kama utani. Alisimama. Akanyoosha mikono ubavuni, akainua kidevu, na pale uani kwetu Wingwi, baina ya jamvi la karafuu na kamba ya nguo, akauimba wimbo wa taifa wa nchi nyengine, kwa Kiswahili, mwanzo hadi mwisho. Aliuimba kama anavyoimba mtu aliyejifunza kwa kuusikia juu ya ukuta wa skuli ya wanawe. Machozi yalimtiririka na hakuyafuta.

Nilitazama mlangoni kama kuna mtu anapita. Sijui nilimwogopa nani.

"Na wetu?" jirani aliuliza alipomaliza. Sauti yake ilikuwa imepoteza mzaha. "Wetu unaujua?"

"Wetu upi?" mwengine akadakia. "Wa Zanzibar au wa Tanzania?"

"Wowote basi!"

Shangazi alifikiri. Akaanza ule wa Tanzania, akafika mstari wa pili, akakwama. Alitutazama tumsaidie. Wanawake wakatazamana. Mmoja alisema aliujua alipokuwa darasa la nne. Mwengine alisema wa skuli walikuwa wakiuimba, yeye akifungua mdomo tu. Macho yote yakanijia mimi, msomi. Nikaanza kwa sauti, nikavuka ubeti wa kwanza vizuri, nikaingia wa pili, na maneno ya wa kwanza yakanirudia mdomoni. Nikarudi nyuma, nikaanza tena, nikaangukia pale pale.

"Haya, kaeni," alisema Bibi. "Mmeshamaliza kuimba?"

Tulikaa. Bibi aliinyanyua ile paspoti kwa ncha za vidole, akaiweka chini kwenye mkeka, mbali kidogo na yeye.

"Nilikuzaa mie," alimwambia shangazi. "Kitovu chako nilikizika mie, chini ya mnazi ule, na maji nikaumwagia mie. Leo mtu kaja kakuandika wake, na weye umesimama nyumbani kwangu unamlilia kwa raha."

"Mama, si hivyo."

"Ulikuja kutaka radhi. Kirejeshe kitabu cha watu. Kaa kwenu. Radhi zako zipo, hazijaenda popote."

"Na wanangu, Mama?"

"Wanao kwao ni hapa."

"Vitovu vyao nimevizika kule."

Bibi akaomba ashikwe mkono, akasali laasiri. Majirani waliaga mmoja mmoja, kwa sauti za msibani.

Nakiri kwamba moyoni nilikuwa upande wa Bibi. Nilimwona shangazi kama mtu aliyekwenda kununuliwa, na bei yenyewe ndogo. Kitabu chenye jalada la buluu! Nilijiambia kwamba mimi nisingekubali, hata kama ningeambiwa vipi. Nilijiambia hayo nikiwa nimekaa kitandani kwangu, kwenye nyumba aliyoijenga babu yangu, na kitambulisho changu kimo ndani ya mkoba, mahali fulani, sijawahi kukitafuta kwa hofu hata siku moja.

Asubuhi Bibi alitutuma dukani, mimi na shangazi. Njia nzima alisema kama kawaida: muhogo ule wa nani, mbona mwembe ule umekatwa, yule si mtoto wa fulani? Tulipofika dukani nikamwachia atangulie, kwa heshima. Muuza duka, mtu wa makamo, alimkaribisha kwa bashasha.

"Karibu, Bi mgeni wetu! Tukupe nini?"

Shangazi hakujibu. Alinyoosha kidole kwenye gunia la sukari, kisha akaonyesha vidole viwili.

"Kilo mbili?"

Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaonyesha majani ya chai, kisha kibiriti. Mdomo wake ulikuwa umebana, na uso wake ulikuwa na kicheko kidogo cha kuomba radhi ambacho sikuwahi kukiona kwake. Muuza duka alinitazama mimi, akamtazama yeye.

"Bi kanuna na sie? Hata neno?"

Shangazi aliinama, akachukua vitu, akatoka. Alitoka haraka, kama anayefuatwa. Nilimkuta amesimama nyuma ya ukuta wa msikiti, kapu kalikumbatia, anahema.

"Shangazi, unaumwa?"

"Mazoea tu, mwanangu."

"Mazoea ya nini?"

"Mazoea." Akacheka, akaanza tena kusema habari za mwembe.

Nilishituka, lakini sikujua nimeshitushwa na nini hasa. Ni kama kukiona kiungo cha mtu kinakwenda upande usiokwenda viungo.

Habari hazilali Wingwi. Baada ya laasiri, mke wa muuza duka alikuja na sahani ya mihogo ya nazi, yaani alikuja kusema. Alikaa, akasifu mvua, akauliza hali ya miguu ya Bibi, na mwisho akaweka alichokileta. "Sisi hatuna neno, Bi. Lakini binti yako, mume wangu kasema naye vizuri, yeye anamwonyesha vidole kama boi wake. Sawa, ana paspoti. Lakini salamu ni sunna."

Bibi alimwita shangazi, akaja akapiga magoti mbele yake.

"Kweli hino? Umefika mahala husemi na watu? Kiburi hicho umekitoa wapi? Mie sikukunyonyesha kiburi."

"Si kiburi, Mama."

"Nini basi?"

Shangazi alimtazama mke wa muuza duka, akanitazama mimi. Nilidhani atatuomba tutoke. Alishusha pumzi, akakaa kitako kwenye mkeka.

"Kule nilikuwa bubu," alisema.

"Nini?"

"Bubu, Mama. Mwanzo nilikuwa nasema. Lakini Mpemba akifungua mdomo, mtu wa pwani anamjua kabla hajamaliza salamu. Siku moja niko sokoni nachagua samaki, nasema na mwenye samaki, nyuma kuna mtu akasema, huyu si wa hapa, mwulizeni karatasi zake. Niliwaacha samaki. Nikaacha na kapu. Tangu siku hiyo, nikitoka nje ya mlango wangu, sisemi. Naonyesha kwa kidole. Watu wakadhani bubu, na mie nikawaacha wadhani. Bubu haulizwi kwao wapi. Na leo dukani, kusikia 'mgeni' tu, mdomo ukajifunga wenyewe."

Mke wa muuza duka alikuwa ameushika mdomo wake.

"Muda gani?" Bibi aliuliza, kwa sauti ya chini sana.

"Kitinda mimba wangu nimemzaa nikiwa bubu. Nimemwoza nikiwa bubu."

"Na wanao?"

"Ndani nilikuwa nasema nao, kidogo kidogo. Nje nikiwafinya wasiniulize kitu, nisije nikawajibu."

Bibi alipapasa mkeka kama anayetafuta fimbo yake. "Kumbe simu zako. Ukinipigia unanong'ona. Mie nikisema, mwanangu kaolewa na mtu mkali, hataki aseme na mama yake."

"Kuta zilikuwa za makuti, Mama. Njiani wanapita watu."

Kisha, kwa kuwa ni yeye, shangazi alianza kucheka.

"Kulikuwa na mama mmoja muuza mchicha. Ananipenda huyo! Bubu nani atamweleza? Basi siri zake zote alinipa mie. Mume wake anafanya hivi, mume wake kalala kule, mume wake kauza cherehani yake. Miaka, Mama! Na mie natikisa kichwa tu, na moyoni nina maneno yanataka kunipasua. Siku niliyopewa kitambulisho sikwenda nyumbani. Nilikwenda sokoni, nikasimama mbele yake, nikamwambia: 'Nipe mchicha mafungu mawili, na yule mume wako mwache leo.'"

"Akafanyaje?" mke wa muuza duka aliuliza.

"Alikaa. Juu ya mchicha wake wote. Akapiga shahada."

Tulicheka. Mke wa muuza duka alicheka mpaka akajilaza ubavu. Bibi pia alicheka, mabega yakimtikisika, na ilichukua muda mimi kutambua kwamba mabega yake yalikuwa bado yanatikisika na kicheko kimekwisha.

Alilia bila sauti, kama wanavyolia wazee, uso mkavu karibu wote. Mtoto wake aliyemfukuza mtu mzima kijijini kwa ubeti mmoja! Sikuwa nimewahi kumwona Bibi akilia, hata siku ya mazishi ya Babu. Alinigeukia mimi.

"Weye mwandishi," aliniambia. "Unayeandika mambo ya kwetu. Mwanangu alipokuwa bubu, sie tulikuwa wapi? Alikwenda kunyamaza kwa watu kwa ajili ya kuwa wetu. Sie tulimtafuta? Serikali yetu ilimtafuta? Mie mwenyewe nilimtafuta? Nilikaa hapa nikinuna."

Niliifikiria riwaya yangu, yule mwanamke wa kisiwa anayesubiri wanawe, kurasa na kurasa za kusubiri kwake kuzuri. Kwa mara ya kwanza niliona kwamba mwanamke yule hakunyanyua kitako hata mara moja.

"Kilete," Bibi alisema.

Shangazi alikwenda ndani, akarudi na kile kitambaa. Bibi alikifungua mwenyewe. Aliigeuza paspoti huku na huku, akainusa, akapitisha kidole juu ya ile nembo ya jalada.

"Hichi ndicho kilichokufungua mdomo?"

"Ndicho, Mama."

"Sikipendi."

"Najua."

"Sitokipenda mpaka mnanizika. Mwanangu kuandikwa mgeni bandarini Mkoani, mbele ya wachukuzi!" Kumbe alikuwa ameshaambiwa. Wingwi! "Lakini kikae. Usikirejeshe."

Alikiweka mapajani. Akaunyanyua mkono wake wa kulia, uliojaa mishipa, akauweka juu ya kichwa cha shangazi. Akasema maneno ya radhi, yale ambayo kila mtoto wa hapa huyaogopa na kuyatamani: kwamba amemwia radhi kwa maziwa aliyomnyonyesha, kwa usiku aliokesha, kwa alilolijua na asilolijua, duniani na akhera. Shangazi alikuwa ameinama mpaka paji la uso limegusa mkeka. Mgongo wake ulikuwa ukipanda na kushuka.

Nilidhani tumefika mwisho. Nilikwishaanza kukunjua miguu. Lakini Bibi alifungua mikono yake kwa dua, viganja juu, na sisi tukafungua yetu. Aliwaombea marehemu. Alimwombea Babu, akamweleza Mungu kwamba Babu pia, lau angekuwepo, angetoa radhi. Aliniombea mimi mume, kama kawaida yake. Alikiombea kisiwa hiki mvua na amani. Kisha akatafuta neno, na nikaona midomo yake ikilijaribu kabla ya kulitamka, kwa sababu ni jina ambalo katika uhai wangu wote hakupata kuliita. Siku zote alisema "huko".

"Na Kenya," alisema Bibi. "Yarabi, ibariki Kenya. Watu wake wape mvua, na wao wape amani, na aliyeweka mkono wake kwenye karatasi ya mwanangu umlipe kheri. Ulimi wa mwanangu umerudi kwa sababu yao."

"Amin," alisema mke wa muuza duka.

"Amin," alisema shangazi kutoka kwenye mkeka, kwa sauti iliyojaa uani.

Mimi nilikuwa na viganja vyangu wazi. Nimesoma mashairi ya kuitukuza nchi yangu mbele ya watu, nikapigiwa makofi. Sikujua kwamba dua ya bibi kizee kwa nchi ya watu inaweza kunishinda. Nilitaka kuitikia na kitu fulani ndani yangu, kigumu, cha zamani kuliko mimi, kikawa kinakataa. Na nilishituka kukikuta kimo humo, nami nilikuwa siku zote nikikiita mapenzi.

Bibi alifumbua jicho moja, mikono yake bado juu.

"Weye," alisema. "Huitikii?"

Nikaitikia.